Mikono Juu ya Ukuta wa Roermond

Treni ya Maastricht ikishatoka Utrecht huvuka mito mitatu mikubwa kabla ya kufika 's-Hertogenbosch: Lek pale Culemborg, Waal pale Zaltbommel, na Maas pale Hedel. Mwenyeji wangu alikuwa ameniusia nikae dirishani niione yote mitatu, kwa sababu kwa Waholanzi wa umri wake mito hiyo ilikuwa mpaka. Kaskazini waliishi Waprotestanti wa mapokeo ya Kalvini, wenye serikali na wenye kauli. Kusini, huko Brabant na Limburg, waliishi Wakatoliki, ambao kwa karne mbili hivi walitawaliwa kutoka The Hague kama watu wa nchi iliyotekwa. Mpaka huo haukuwa kamili, maana Utrecht na Amsterdam hazikukosa Wakatoliki, lakini kila Mholanzi mzee niliyezungumza naye aliutaja bila kuulizwa.

Nilikwenda kwa sababu za nyumbani kwetu. Nimezaliwa Morogoro, mama Mkatoliki, baba Mlutheri. Parokia ya mama ililelewa na mapadre Waholanzi wa Shirika la Roho Mtakatifu, shirika lile lile lililolipatia Jimbo la Morogoro askofu wake wa kwanza, Herman van Elswijk, miaka ya 1950. Wazazi wangu walipotaka kuoana, miaka ya 1960, baba alitakiwa aache kanisa lake kwanza, naye akaliacha. Bibi yangu, mama yake baba, alikuja hadi uwanja wa kanisa akakaa chini ya mwembe mpaka misa ikaisha. Hakuingia ndani. Tangu utotoni nilitaka kujua ugomvi huu ulianzia wapi, na kwa nini watu waliosafiri maelfu ya maili kuja kutufundisha upendo walikuja nao mizigoni.

Roermond ni mji mdogo mahali mto Roer unapoingia Maas. Kutoka stesheni nilitembea hadi makaburi ya zamani, yaliyofunguliwa mwishoni mwa karne ya 18, karibu na kanisa la hija la Kapel in 't Zand. Ndani yake wafu wamepangwa kwa dini. Wakatoliki wana eneo lao kubwa, Waprotestanti lao, Wayahudi lao. Kati ya Wakatoliki na Waprotestanti umejengwa ukuta wa matofali, mrefu kumpita mtu mzima.

Mwaka 1842 kanali wa wapanda farasi aitwaye van Gorkum, Mprotestanti, alimwoa binti wa ukoo wa kikabaila, van Aefferden, Mkatoliki. Alikuwa na miaka 33, bibi harusi 22. Ndoa hiyo iliushtua mji. Wakaishi pamoja karibu miaka 40. Kanali alipofariki mwaka 1880 alizikwa upande wa Waprotestanti, kaburi likiegemea ukuta. Mkewe alifariki mwaka 1888. Ukoo wake ulikuwa na kaburi la familia, lakini alikuwa ameagiza asilazwe humo, azikwe upande wa Wakatoliki, ukutani, mkabala na mumewe. Juu ya makaburi hayo mawili zimesimama nguzo mbili za mawe zilizopanda kupita ukuta. Kila nguzo imetoa mkono, na mikono hiyo, wa mwanamume na wa mwanamke, imeshikana juu ya matofali.

Nilisimama upande mmoja, nikazunguka nikasimama upande wa pili. Kilichonigusa zaidi ni utii wao. Hawakuubomoa ukuta wala hawakuikana imani. Mke alikufa Mkatoliki, mumewe alikufa Mprotestanti, sheria ya makaburi ikafuatwa neno kwa neno, na bado kila apitaye pale anaona nani alikuwa mume wa nani. Waholanzi walikuwa na msemo kwamba imani mbili zikilala mto mmoja, shetani hulala katikati. Mama van Aefferden aliujibu msemo huo kwa jiwe.

Katika makaburi hayo hayo amezikwa Pierre Cuypers, mzaliwa wa Roermond, msanifu majengo aliyechora stesheni kuu ya Amsterdam na jumba la makumbusho la Rijksmuseum lililofunguliwa mwaka 1885. Waprotestanti wengi wa siku zile walilalamika kwamba jumba la taifa limejengwa kama kanisa la Kikatoliki. Na kweli, Cuypers alikuwa amejenga makanisa mengi, kwa sababu baada ya mwaka 1853, maaskofu wao waliporudishwa, Wakatoliki walijenga kwa njaa ya karne nyingi.

Njaa hiyo niliielewa Amsterdam, katika nyumba ya mfereji inayoitwa Ons' Lieve Heer op Solder. Kwa nje ni nyumba ya mfanyabiashara. Unapanda ngazi nyembamba, unapita sebule na vyumba vya kulala, unapanda tena, halafu ghafla uko ndani ya kanisa: altare, kinanda, roshani za waumini, vyote vimewekwa darini. Jan Hartman alikamilisha kazi hiyo mwaka 1663. Ibada ya Kikatoliki ilikuwa imepigwa marufuku hadharani, lakini wakuu wa mji walifumba macho mradi kanisa lisionekane barabarani. Wayahudi waliruhusiwa kujenga sinagogi kubwa la wazi mjini humo, na Walutheri nao walikuwa na kanisa lao. Mkatoliki ndiye aliyepanda darini, kwa kuwa alishukiwa kuwa upande wa adui Mhispania. Nusu ya karne kabla ya Hartman, katika mtaguso wa Dordrecht wa 1618 na 1619, Wakalvini walikuwa wameshawafukuza hata Waprotestanti wenzao waliotofautiana nao kuhusu kuchaguliwa na Mungu. Waliofukuzwa, Waremonstranti, nao wakasali katika makanisa ya kujificha.

Mapinduzi ya 1795 yalileta usawa wa dini kisheria. Usawa wa moyoni ulichelewa. Papa aliporudisha maaskofu mwaka 1853, wa Utrecht, Haarlem, 's-Hertogenbosch, Breda na Roermond, Waprotestanti walikusanya saini kwa wingi kupinga, mfalme akaonyesha kuwaelewa, na serikali ya Thorbecke ikaanguka. Maaskofu walibaki.

Waprotestanti wenyewe walikuwa wakigawanyika kila kizazi, na sitamchosha msomaji kwa kila tawi. Mwaka 1834 mchungaji Hendrik de Cock wa kijiji cha Ulrum alijitenga na kanisa la taifa, Hervormd. Mwaka 1886 Abraham Kuyper na wenzake walijitenga pia, baada ya kukata ubao wa mlango wa chumba cha baraza katika Nieuwe Kerk, Amsterdam, ili waingie. Makundi hayo mawili yakaungana kwa sehemu kubwa mwaka 1892 na kuwa kanisa la Gereformeerd, na mwaka 1944, nchi ikiwa chini ya Wajerumani na watu wakikaribia majira ya njaa, kanisa hilo nalo likapasuka kwa ubishi juu ya maana ya ubatizo wa watoto. Hata sasa nikiliandika nashindwa kulielewa.

Kuyper alianzisha gazeti, chama cha siasa, na mwaka 1880 chuo kikuu, Vrije Universiteit. Mwaka 1901 akawa waziri mkuu. Alitaka shule za kidini zipate fedha za serikali sawa na shule za umma, na kwa hilo alihitaji kura za Wakatoliki, ambao kiongozi wao bungeni alikuwa padre, Herman Schaepman. Basi watu ambao wasingekubali watoto wao waoane walitawala pamoja, na mwaka 1917 katiba ikawapa walichotaka. Kila upande ukajenga nguzo yake. Mkatoliki alisoma shule ya Kikatoliki, akasoma gazeti la De Volkskrant, akasikiliza redio ya KRO, akakipigia kura chama cha Kikatoliki, akaingia chama cha wafanyakazi cha Kikatoliki, akatibiwa na masista. Mprotestanti alikuwa na redio ya NCRV, baadaye na gazeti la Trouw, na mengine yote kwa mfano huo. Mwaka 1954 maaskofu Wakatoliki walitoa waraka kwamba mwumini atakayejiunga na chama cha wafanyakazi cha kisoshalisti atanyimwa sakramenti, wakakataza hata kusikiliza mara kwa mara redio ya wasoshalisti, VARA. Redio tu.

Nguzo hizo zilifanya mema makubwa. Ziliwainua maskini, zikawapa wasio na elimu shule zao wenyewe, na ndizo zilizotuma wamisionari wengi mno kutoka nchi ndogo kama ile, hadi kwetu Uluguru na hadi Kisumu, ambako Waholanzi wa shirika la Mill Hill walifanya kazi. Lakini pia zilikuwa kuta zisizo na madirisha. Mwaka 2011 tume iliyoongozwa na Wim Deetman ilikadiria kwamba watoto kati ya 10,000 na 20,000 walidhulumiwa kingono katika taasisi za Kikatoliki nchini humo katika miongo iliyofuata mwaka 1945. Mtoto aliyeumizwa alipaswa kumshtaki padre kwa polisi Mkatoliki, mbele ya wazazi waliofundishwa kwamba aibu ya Kanisa ni aibu yao. Siwezi kuzisifu nguzo hizo bila kuwataja watoto hao.

Kusini kidogo ya Roermond, treni ya vituo vyote husimama Echt. Humo kuna monasteri ya Wakarmeli ambamo aliishi Edith Stein, mwanafalsafa Myahudi kutoka Ujerumani aliyebatizwa akawa mtawa. Nilikwenda kwa sababu ya majira ya kiangazi ya 1942.

Mwezi Julai mwaka ule makanisa ya Uholanzi, ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti, yalipeleka kwa pamoja telegramu kwa mtawala wa Kijerumani, Seyss-Inquart, kupinga Wayahudi kupelekwa uhamishoni. Kwa nchi ile, saini hizo kukaa pamoja kwenye karatasi moja lilikuwa jambo kubwa. Makanisa yakapanga kuisoma telegramu hiyo mimbarini. Wajerumani wakaashiria kwamba Wayahudi waliobatizwa wangesalimika iwapo makanisa yangenyamaza. Sinodi ya Hervormd ikakubali kutoisoma. Askofu Mkuu Johannes de Jong wa Utrecht akakataa kupangiwa, na Jumapili ya tarehe 26 Julai ikasomwa katika makanisa ya Kikatoliki. Wa Gereformeerd nao waliisoma. Jumapili iliyofuata, tarehe 2 Agosti, polisi waliwakamata Wayahudi Wakatoliki. Edith Stein na dada yake Rosa walichukuliwa hapo Echt. Tarehe 9 Agosti waliuawa Auschwitz.

Watu bado hubishana iwapo de Jong alikosea. Mimi nasimama naye. Ahadi ile ilikuwa ya kuwatenga waliobatizwa na wasiobatizwa, na kanisa linaloikubali limekwisha kukubali kwamba mtoto wa Myahudi wa sinagogi ana thamani ndogo kuliko wake. Wayahudi zaidi ya 100,000 wa Uholanzi waliuawa, robo tatu hivi ya wote, na makanisa yote kwa pamoja yalifanya machache mno.

Siku ile ile telegramu iliposomwa, 26 Julai 1942, Titus Brandsma alikufa Dachau. Alikuwa Mkarmeli, profesa wa Nijmegen, aliyekamatwa kwa kuyahimiza magazeti ya Kikatoliki yakatae matangazo ya chama cha Kinazi. Ijumaa Kuu ya mwaka huo, katika kambi ya Amersfoort, alikuwa amewahubiria wafungwa wa kila dhehebu waliomzunguka. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu mwaka 2022. Na katika seminari ya Beekvliet, huko Sint-Michielsgestel, Wajerumani waliwaweka mateka mamia ya viongozi: Wakatoliki, Wakalvini, wasoshalisti, wakilala chini ya paa moja. Wengi wao hawakuwahi kuzungumza kwa kirefu na mtu wa nguzo nyingine. Walitoka humo wakiwa na wazo la nchi isiyo na kuta. Ilichukua zaidi ya miaka 20 wazo hilo kuiva.

Katika nyumba ya wazee huko Brabant nilipelekwa kumwona padre aliyetumikia Morogoro ujanani mwake.

“Shikamoo, Padre.”

“Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi?”

“Morogoro.”

“Morogoro ni kubwa. Wapi?”

“Kigurunyembe.”

Akacheka kwa furaha, akaanza kunitajia mito na vijito vya Uluguru kwa majina, Kiswahili chake kikiwa na lafudhi ya Kiluguru. Aliniambia kwamba kijijini kwao kulikuwa na waoka mikate wawili, na mama yake alimpita Mprotestanti aliyekuwa jirani ili anunue kwa Mkatoliki aliyekuwa mbali. Mpaka anapewa upadre alikuwa hajawahi kula nyumbani kwa Mprotestanti. Kisha akafika kwetu. Gari likamharibikia njiani wakati wa masika, na mchungaji mmoja wa Kilutheri akampokea, akampa ugali na kitanda. “Rafiki yangu wa kwanza Mprotestanti,” akasema, “nilimpata Tanganyika.”

Nikamsimulia habari ya bibi na mwembe. Akanieleza bila kujitetea. Kwa sheria ya zamani, ndoa ya mchanganyiko ilihitaji ahadi za maandishi za pande zote mbili kwamba watoto wote watakuwa Wakatoliki, na ilifungwa pembeni, mara nyingi sakristiani, bila misa. Mapadre wengi, badala ya kuwapa maarusi aibu hiyo, walimshawishi asiye Mkatoliki abadilike. “Sheria ilikuwa ile, nami niliifuata. Lakini watu waliumia, mwanangu, na nilikuwa nawaona.”

Wakati huo huo, kwao nyumbani kuta zilikuwa zikianguka kwa kishindo. Mwaka 1964 Binti Mfalme Irene aliolewa Roma na mwanamfalme Mkatoliki, Carlos Hugo. Alikuwa amegeuka Mkatoliki, na Kardinali Alfrink alikuwa amembatiza tena kwa sharti, kana kwamba ubatizo wake wa Kiprotestanti haukutosha. Nchi ilichemka. Hakuna mtu wa familia ya kifalme ya Uholanzi aliyehudhuria harusi. Lakini Alfrink huyo huyo alikuwa mmoja wa sauti kubwa za Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na kabla ya muongo kwisha Wakatoliki wa Uholanzi walikuwa na katekisimu mpya ya 1966 iliyosomwa dunia nzima, na baraza lao la kichungaji huko Noordwijkerhout, lililopiga kura mwaka 1970 kutaka useja wa mapadre usiwe wa lazima. Roma ilijibu kwa kuteua maaskofu wa msimamo mkali. Wengi walichoka wakaondoka. Papa Yohane Paulo wa Pili alipozuru mwaka 1985, mitaa mingi aliyopita ilikuwa na watu wachache, na Utrecht kulizuka ghasia.

Waprotestanti walianza mazungumzo ya kuungana mwaka 1961. Tarehe 1 Mei 2004, Hervormd, Gereformeerd na Walutheri wakawa kanisa moja, Kanisa la Kiprotestanti la Uholanzi, na hata siku hiyo wapo waliokataa wakaunda lao. KRO na NCRV, zile redio mbili hasimu, ziliungana mwaka 2014. Kufikia mwaka 2017, kwa takwimu za serikali, zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa na dini yoyote. Wakatoliki walikuwa asilimia 24, Waprotestanti 15. Maktaba na maduka yameingia makanisani. Katika kanisa la kale la Wadominiko, Maastricht, nilinunua kitabu cha watoto. Huko Rozengracht, Amsterdam, lililokuwa kanisa la Wajesuiti sasa ni Msikiti wa Fatih, na kwa maoni yangu hilo ni heri kuliko kuwa ghala, kwa maana wanaosujudu humo wanasali kweli.

Jumapili ya mwisho nilisali Utrecht, katika Domkerk. Kimbunga cha 1674 kiliangusha sehemu ya katikati ya kanisa hilo, haikujengwa tena, hivyo mnara wenye mita 112 umesimama peke yake upande wa pili wa uwanja. Waliohudhuria walikuwa wachache, waliimba vizuri sana, na baada ya ibada kulikuwa na kahawa. Mwanamke aliyenimiminia kahawa alikuwa Mprotestanti na mumewe, aliyekuwa akigawa biskuti, Mkatoliki. Nilipowauliza kama walipata shida kuoana walitazamana, kama watu wanaojaribu kukumbuka jambo la zamani sana, kisha mama akasema hapana, shida ilikuwa kupata nyumba ya kupanga.

Nilifurahi kwa ajili yao, nami nikahuzunika. Nchi ile ilijifunza kupatanisha meza mbili za Bwana wakati waliokuwa wakizikaribia wamepungua kiasi hicho. Mfalme wake wa sasa, Willem-Alexander, Mprotestanti, alifunga ndoa na Máxima, Mkatoliki, tarehe 2 Februari 2002 katika Nieuwe Kerk, kanisa lile lile la ubao uliokatwa. Mchungaji aliongoza, padre kutoka Argentina akashiriki, na malkia hajaacha Ukatoliki wake. Ilikuwa furaha ya taifa zima, lakini vizazi vya kina van Gorkum visivyo na jiwe wala mikono vilikuwa vimeshapita kwa machozi.

Kwetu makanisa yamejaa, na vijana wa Kikatoliki, Kilutheri, Kianglikana na Kimoravian wanapendana kila siku. Bado nasikia familia zikiwaambia kwamba lazima mmoja ahame, na bado wapo viongozi wa dini wanaowaacha waamini hivyo. Kama wewe ni mmoja wa vijana hao, nenda na mchumba wako kwa paroko na kwa mchungaji, muulize waziwazi. Tangu barua ya Papa Paulo wa Sita ya mwaka 1970, na kwa sheria za Kanisa za 1983 zinazotumika leo, Mkatoliki anaweza kuoana na Mkristo mwenzake wa kanisa jingine kwa kibali cha askofu. Mkatoliki huahidi kudumu katika imani yake na kufanya awezavyo watoto wabatizwe na kulelewa humo. Mwenzake huarifiwa tu kuhusu ahadi hiyo. Haweki saini ya ahadi yoyote, wala halazimiki kuacha kanisa lake.